Hari ya Kompyuta na Hesabu ya Maji: Shauri kwa Vijana wa Ulyankulu

Kazi ya kompyuta katika Ulyankulu, mkoani Tabora, imekwisha kupita zamani mipaka ya kuandika barua na kupiga chapa mitihani ya shule. Mahali palipotoa Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo nyimbo zake zimesikika mbali sana na barabara iliyoipa jina, hapawezi kukosa vijana wanaochanganya sauti na wanaokata na kuunga picha za harusi na za ibada, na ambao kwa kazi hiyo huhitaji mashine zenye nguvu kubwa kuliko zile zinazokaa juu ya meza za maofisi. Na mashine yenye nguvu ni mashine yenye hari. Kijana mwenye mashine ya namna hiyo hafiki mbali kabla hajasikia habari za kupoza kwa maji, si kwa chombo kilichokwisha kufungwa kiwandani, bali kwa pampu, rejeta, mipira na viungio vinavyokusanywa kimoja kimoja na kufungwa kwa mkono wa mwenyewe. Nia hiyo naiheshimu, na sitaki kuivunja. Ninalotaka kulisema ni kwamba karibu mashauri yote yanayomfikia juu ya jambo hili yametungwa katika nchi ambazo chumba cha kazi kina nyuzi 20 za sentigredi, hewa ni nzito na vumbi ni haba, na kwamba mtu wa Unyamwezi akiyafuata neno kwa neno atatumia mali nyingi na kupata faida kidogo. Hesabu yetu yapasa ianze mahali pengine, nayo ianze katika hewa ya chumba.

Pingamizi la kwanza nalijua kabla halijatamkwa, nalo ni la haki: yawezekanaje mtu kunena habari za kupoza kompyuta kwa maji katika nchi iliyoonja taabu ya maji? Makazi ya Ulyankulu yalipofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi, idadi yao ilizidi kiasi ambacho ardhi na maji ya mahali hapa viliweza kustahimili, hata maelfu wakahamishiwa makazi mapya ya Mishamo kuanzia mwaka 1978. Na waliobaki, ambao wengi wao pamoja na watoto wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania, hawahitaji kufundishwa na mwandishi wa gazeti thamani ya ndoo moja. Walakini mzunguko wa maji katika kompyuta haunywi maji. Hujazwa mara moja, aghalabu kwa lita moja au pungufu yake, ukafungwa, na maji yale yale yakaendelea kuzunguka karibu mwaka mzima. Uhaba wa maji si sababu ya kuuacha mpango huu. Sababu, kama zipo, zitafutwe katika joto na katika mfuko.

Basi tuliangalie joto lenyewe. Umeme unaoingia katika kompyuta hutoka hali umegeuka joto, wote, ila sehemu ndogo mno isiyostahili kuhesabiwa. Prosesa ya Intel iitwayo Core i9-14900K imeruhusiwa na watengenezaji wake kufika wati 253, na kadi ya picha ya Nvidia iitwayo RTX 4090 wati 450, kwa hiyo mashine iliyobeba vyote viwili, ikitumikishwa kwa nguvu zake zote, humwaga chumbani joto la wati 700 saa nenda saa rudi. Hizo ni mashine za wenye nafasi. Tuchukue ya wastani, yenye prosesa ya wati 140 na kadi ya picha ya wati 200, tuseme jumla yake ni wati 350. Ili kuzichukua wati hizo kwa maji ambayo joto lake litapanda nyuzi 10, yatosha nusu lita ya maji kwa kila dakika. Lakini kuzichukua kwa hewa ambayo joto lake litapanda nyuzi zizo hizo 10, hapa kwetu, zahitajika lita 35 za hewa kwa kila sekunde. Hii ndiyo fadhila ya maji, nayo ni fadhila ya kweli: kitu kidogo kipitacho katika mpira mwembamba kama kidole hubeba mzigo ambao hewa huubeba kwa vishindo na makelele.

Nimesema "hapa kwetu" kwa makusudi. Uwanda wa Tabora umeinuka mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo wa hewa ya mchana wa joto katika nchi hii ina uzito wa kilo moja hivi, ilhali hewa ya baridi ya miji ya pwani ya Ulaya hufika kilo 1.2. Feni haijui uzito, hujua ujazo tu. Husukuma hewa nyingi kwa macho, lakini hewa yenyewe ni pungufu kwa sehemu moja katika sita, na joto inalolichukua hupungua kwa kadiri hiyo. Jedwali la kiwandani lisemalo kwamba rejeta fulani yaondoa wati kadhaa limepimwa katika hewa isiyo yetu. Mtu akilisoma jedwali hilo asiondoe chochote, amejidhulumu kabla hajafungua sanduku.

Ipo pia dhana moja ambayo sina budi kuipinga, maana ndiyo inayowagharimu watu fedha: kwamba maji huleta baridi. Mtungi wa udongo, kweli, hupoza maji yake chini ya joto la chumba, kwa kuwa maji hupenya udongo, yakatokea nje, yakageuka mvuke, na mvuke ule huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mzunguko wa kompyuta hauna tabia hiyo. Umefungwa pande zote, haupumui wala hautoki jasho, na kwa hiyo ni muhali maji yake yashuke chini ya joto la hewa inayopita katika rejeta. Yatabaki juu yake siku zote, na mzunguko uliopangwa vizuri ni ule ambao maji yake huizidi hewa kwa nyuzi 10 tu mashine inapofanya kazi nzito. Katika chumba cha nyuzi 20 maji hayo yatakuwa na nyuzi 30. Katika chumba cha Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, wakati hewa ya nje yenyewe hufika nyuzi 32 na chumba kilichoezekwa kwa mabati bila dari hupita hapo, maji yale yale, kwa pampu ile ile na rejeta ile ile, yatakuwa na nyuzi 42 au 45, na prosesa itakuwa juu zaidi, maana joto lazima lishuke kutoka kwake kwenda katika maji. Prosesa nyingi za AMD za siku hizi zimepangiwa mpaka wa nyuzi 95, na za Intel nyuzi 100, na zikiukaribia hupunguza mwendo wake zenyewe. Na pampu nyingi za kazi hii hazitakiwi kupitisha maji yaliyozidi nyuzi 60. Mtu wa nchi za baridi hana haja ya kuikumbuka mipaka hiyo kila siku. Sisi tunayo.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo sijaona likipewa nafasi linayostahili: kila uzi mmoja wa joto unaouondoa chumbani ni uzi mmoja unaouondoa katika maji na katika prosesa, bila pungufu. Dari ya mbao nyembamba chini ya mabati, kivuli cha mwembe upande wa magharibi, dirisha linalopitisha upepo, hizo ni sehemu za mpango wa kupoza kompyuta sawasawa na pampu. Wazee waliojenga tembe katika nchi hii, kwa kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, walilijua jambo hilo. Nyumba ya Kwihara aliyokaa Livingstone mwaka 1872 ni ya namna hiyo, na anayeitembelea saa nane mchana hupata ndani yake baridi ambayo nyumba nyingi mpya za Tabora hazina. Kijana mwenye fedha za rejeta mbili na chumba kisicho na dari, mimi ningemshauri anunue rejeta moja na dari.

Kupoza mashine kwa maji si jambo geni, wala halikuanza na vijana wenye makasha ya vioo na taa za rangi. Kampuni ya IBM ilikuwa ikipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na mwaka 1985 kompyuta ya Cray-2 ilizamishwa nzima, saketi na yote, katika kiowevu maalumu kisichopitisha umeme. Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Mashine za dizeli zilizosaga mahindi na mtama vijijini mwetu kwa miaka mingi, zile zenye gurudumu zito la pembeni, nyingi zilipozwa kwa pipa la maji lililosimama kando: bomba moja likatoka juu ya injini, jingine likaingia chini yake, na maji yakazunguka bila pampu yoyote, kwa sababu yaliyopata moto huwa mepesi yakapanda, na yaliyopoa huwa mazito yakashuka. Fundi wa kinu hakusoma hayo chuoni, naye alijua kwamba pipa likikaa juani injini itachemka, kwamba bomba likiinama vibaya hewa itanaswa na maji yatasimama, na kwamba maji ya chumvi yataacha magamba ndani. Kila neno katika hayo ni la kweli katika kompyuta pia. Kama maarifa hayo hayakuhama kutoka kinuni kwenda katika karakana za kompyuta, sababu moja ni kwamba kompyuta zenyewe zilichelewa kutufikia. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974, na hata baada ya mlango kufunguliwa tena ilipita miaka mingi ambayo mafundi wa bara walimjua shetani wa dizeli kwa jina na kompyuta kwa kusikia. Sizungumzi hayo ili kuwahukumu walioamua. Walikuwa na sababu zao, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Nayasema kwa kuwa hasara ya fundi ambaye hakupata kufungua mashine hailipwi kwa siku moja.

Na pipa lile la kinu limebeba funzo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mpango wote. Pipa halikuwekwa ndani ya injini; liliwekwa kando, na mara nyingi nje ya kibanda. Katika nchi za baridi, joto linalotoka katika kompyuta likamwagika chumbani halimuudhi mtu, na wakati wa kipupwe humfaa. Kwa hiyo makasha yao hubana rejeta zote ndani ya sanduku moja, na vijana wetu huiga. Lakini wati 350 zinazomwagwa kwa saa nne katika chumba kidogo cha Ulyankulu hupandisha joto la chumba, na joto la chumba hupandisha la maji, na maji hupandisha la prosesa, na feni zikazidi kupiga kelele katika hewa ile ile iliyokwisha kuchoka. Maji yana uwezo ambao feni ya kawaida haina: yaweza kulichukua joto kwa mpira wa mita mbili au tatu na kulipeleka ilipo hewa nyingine. Rejeta isimame dirishani, upande usiopigwa na jua la alasiri, chini ya mchirizi unaoikinga na mvua, feni zake zikisukuma hewa nje. Wapo watengenezaji wa rejeta za namna hiyo za kukaa nje ya kasha. Kampuni ya Watercool ya Ujerumani, mathalan, ina rejeta yake ya MO-RA yenye nafasi ya feni 9, na ziko nyingine ndogo kuliko hiyo. Ikiwa mtu anataka kupoza kwa maji katika nchi hii na hana nia ya kulitoa joto nje ya chumba, sioni faida kubwa atakayoipata kuliko feni nzuri ya kawaida juu ya prosesa, ambayo ni rahisi, haivuji, na kila fundi aijua.

Neno hilo nalisema wazi kwa kuwa uchumi wetu haustahimili israfu. Vifaa kamili vya kazi hii, hata vya wastani, hugharimu dola mia kadhaa huko viuzwako, kabla ya nauli na ushuru. Mwenye kompyuta ya kuandikia, mwenye duka la kutoa nakala, mwanafunzi, hawa wote hawana haja nayo. Waifungue mashine, waondoe vumbi, wabadilishe pesti iliyokauka baina ya prosesa na kipozaji chake, na watashangaa. Haja ya kweli anayo yule ambaye mashine yake hupika picha za video usiku kucha na hukata mwendo kwa joto, au yule anayerekodi sauti katika chumba hicho hicho na makelele ya feni humharibia kazi. Huyo wa pili ndiye ninayemwonea huruma zaidi, na ndiye ambaye rejeta ya dirishani itamfaa kupita kiasi, maana kelele nazo hutoka nje pamoja na joto.

Akikwisha kukata shauri, na aketi na karatasi. Kwanza ajumlishe wati, kwa kusoma hati za watengenezaji na si kwa kukisia. Kipimo wanachokitumia mafundi wa kazi hii ni kwamba nafasi moja ya feni ya milimita 120 katika rejeta huondoa wati 100 hivi, feni ikienda kwa mwendo wa wastani na maji yakiwa yameizidi hewa kwa nyuzi 10. Kwa wati 350, basi, nafasi nne zingetosha huko kwao. Hapa, kwa wepesi wa hewa na kwa vumbi, na ziwe tano, na mwenye uwezo azifanye sita, kwa maana rejeta kubwa yenye feni za polepole ni tulivu na hudumu. Achague rejeta ambayo mapezi yake yameachana, kumi hivi kwa inchi moja, asidanganywe na zile zenye mapezi ishirini na zaidi, ambazo hushinda katika majedwali na kushindwa katika kiangazi; toka Mei hadi Oktoba vumbi la barabara zetu na masizi ya moto wa nyika huingia kila tundu, na pezi lililoziba ni sawa na pezi lisilokuwapo. Chujio la wavu mbele ya feni, na brashi laini mara moja kwa mwezi, ni amali isiyo na badala.

Katika madini asifanye mzaha hata kidogo. Shaba na aluminiamu zikikutana katika maji mamoja huanza kulana; aluminiamu huliwa, maji hugeuka matope, mifereji myembamba ya bloku, kile kipande cha madini kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, huziba, na mwenye mashine hulaumu pampu. Bloku ya prosesa karibu siku zote ni ya shaba, au shaba iliyopakwa nikeli. Basi rejeta nayo iwe ya shaba, na viungio viwe vya shaba ya njano, na kila kitu kilichoandikwa aluminiamu kibaki dukani hata kikiwa kwa nusu ya bei. Mipira laini ndiyo ya kuanzia. Mabomba magumu ya kupindwa kwa moto yana uzuri wake, lakini mtu wa mara ya kwanza hana haja ya kujifunza sanaa mbili kwa wakati mmoja. Watu hugombana sana juu ya mpangilio, maji yapite kwanza katika prosesa au katika kadi ya picha, na ugomvi huo hauna maana: lita moja ya maji kwa dakika hupanda uzi mmoja kwa kila wati 70, na pampu nzuri yapitisha lita tatu au nne, kwa hiyo tofauti ya maji toka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho ni uzi mmoja na ushei. Mipira ifuate njia iliyo fupi na iliyonyooka. Jambo moja tu la mpangilio ni lazima: tangi dogo la maji liwe juu ya pampu na kabla yake, ili pampu isipate kuzunguka ikiwa kavu, maana maji ndiyo mafuta yake. Na katika sehemu ya chini kabisa ya mzunguko iwekwe koki ya kutolea maji. Huisahau wengi, na siku ya kubadilisha maji huipata adhabu yake juu ya meza.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yaliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu na kutu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Maji ya kisima na ya bomba hubeba chumvi zitakazoganda ndani ya mifereji. Yale yauzwayo madukani kwa jina la maji ya betri yaweza kufaa yakiwa ni maji matupu, lakini hadhari kubwa yatakiwa, kwa kuwa asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyo hiyo na watu huiita kwa jina hilo hilo. Kibandiko kisomwe, na muuzaji aulizwe mara mbili. Kulanti ya magari ni sumu, na nyumba yenye watoto isiingizwe chupa yake kwa ajili ya kompyuta.

Juu ya umeme hofu ni nyingi kuliko sababu. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini mashine iliyokuwa ikitoa joto nayo husimama papo hapo, na hakuna kinachoungua. Pampu yenyewe haili zaidi ya wati 25. Kinga ya kawaida dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, ambayo kila kompyuta ya nchi hii yaihitaji, yatosha.

Sasa njia ya kuvileta vifaa hivyo. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba, na mali iliyosahauliwa pwani ilikuwa imesahauliwa moja kwa moja. Mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, na misafara ikakaa ikingoja. Siku hizi ni reli na malori, zaidi ya kilomita 800 toka Dar es Salaam hadi Tabora, na kisha barabara ya Ulyankulu. Lakini mafuriko ya mto Mkondoa baina ya Kilosa na Gulwe yamewahi kuikata reli, na kiungio kimoja cha jino la G1/4 kilichosahauliwa katika oda huja kwa safari yake peke yake, kwa nauli yake peke yake, na aghalabu kwa majuma yake peke yake. Kwa hiyo mchoro uchorwe kamili, kila mwisho wa mpira uhesabiwe, na juu ya hesabu viongezwe viungio vinne vya akiba, pete za mpira za akiba na mita moja ya mpira. Mzigo uagizwe wote kwa mara moja. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam waweza kukosea kwa siku mbili. Sisi hukosea kwa mwezi.

Vitu vikifika, visioshwe kwa haraka. Rejeta mpya huwa na mabaki ya dawa ya kulehemu ndani yake, na yasipotolewa kwa maji ya moto yaliyokenekwa, yakatikiswa na kumwagwa hata yatoke meupe, yatachafua mzunguko mzima. Baada ya kufunga, pampu ipewe umeme peke yake, huku prosesa, kadi ya picha na bamba kuu vikiwa havina umeme kabisa, karatasi nyeupe zikiwa zimetandikwa chini ya kila kiungio, na maji yaachwe yazunguke saa 24. Anayeona muda huo ni mrefu na akumbuke kwamba kampuni ya Apple, pamoja na wahandisi wake na mali yake, iliuza mwaka 2004 kompyuta za Power Mac G5 zilizopozwa kwa maji, na baadhi yake baada ya miaka zikavuja na kuharibika ndani. Maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme kwa urahisi, ni kweli, lakini yakigusa vumbi juu ya saketi huacha usafi wake, na saketi haingoji maelezo.

Nina neno kwa watu wengine pia. Mafundi wa rejeta wa Tabora na Urambo, wanaoziba rejeta za malori ya tumbaku kwa risasi na moto, wana ustadi ambao kazi hii yauhitaji, na hawajaambiwa. Waanzilishi wa kupoza kompyuta kwa maji majumbani, huko Marekani, hawakuwa na rejeta za duka. Walichukua rejeta ndogo za hita za magari makuukuu, ile ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977 ikasifika kuliko zote, wakazisafisha na kuzifunga feni. Rejeta ya shaba ya gari kuukuu, ikitolewa magamba na kupimwa kwa upepo, yaweza kumhudumia kijana wa Ulyankulu kwa sehemu ndogo ya gharama ya kuagiza, ilimradi aijue shaba na aluminiamu kwa macho, maana magari ya miaka ya karibuni mengi yamehamia aluminiamu. Chuo cha VETA cha Tabora, ambacho huwafundisha vijana umeme na magari, kingetenda jema kama kingewakutanisha wanafunzi wa fani hizo mbili juu ya meza moja na kompyuta moja iliyokufa, wajifunze joto linavyohesabiwa na kiungio kinavyofungwa. Hapahitajiki jengo jipya kwa kazi hiyo.

Nawe kijana unayetaka kuanza, kabla hujaagiza pampu nunua kipimajoto. Kitundike katika chumba cha kazi mwezi wa Oktoba, andika nyuzi zake kila siku saa tisa alasiri kwa juma zima hali mashine ikiwa kazini, na hesabu hiyo ndiyo uiandike juu ya karatasi ya kwanza ya mpango wako.